Upande Usioulizwa

Selestina wa Lupaso alizaliwa na maswali. Watoto wengine wakiambiwa sufuria ni ya moto huamini. Yeye alitaka kwanza kujua ni ya moto kiasi gani. Alipokua akawa mwanamke wa kumsimamisha kijana wa bodaboda barabarani na kumuuliza kwa nini pikipiki yake inakohoa, na hakumwachia mpaka aelezwe. Majirani walimtania kwamba hata siku ya kufa kwake atamuuliza malaika amepita njia gani. Mumewe Edmund, mtu mpole wa maneno machache, alikuwa akicheka tu na kusema nyumba moja haihitaji wadadisi wawili. Binti yao wa pekee, Lois, mwalimu wa shule ya msingi upande wa Chidya, alimfuata baba yake kwa upole huo.

Basi huyo Edmund ndiye aliyemletea Selestina swali lililomshinda.

Edmund alikuwa mkulima wa korosho kama wenzake, lakini heshima yake ilikuwa kanisani. Jumapili alisimama kando ya padri amevaa kanzu nyeupe, akiwanywesha waumini kikombe cha Komunyo. Kazi hiyo hapewi mtu wa hovyo. Msimu mmoja wa korosho mkono wake uliruka wenyewe mbele ya altare, na divai ikammwagikia kifuani mke wa mzee wa kanisa. Jumapili iliyofuata aliyumba akashika nguzo. Sasa, wakati mabibo yameiva na kila ua una ndoo ya uraka, pombe ya mabibo hayo, inayochachuka, mtu akiyumba kijijini hakuna anayeuliza sababu. Baraza la kanisa lao dogo likamweka pembeni mpaka atakapoacha pombe.

"Sinywi," Edmund alisema, na hakuongeza neno.

Selestina alitaka kumwamini, ila kuamini bila kuhakikisha hakukuwa tabia yake. Alimnusa mdomo akiwa amelala, na alijionea aibu akifanya hivyo. Alipekua ghala, akachungulia chini ya kitanda, akaonja hata maji ya dumu lake la shambani. Hakupata kitu. Mwisho, asubuhi moja, akamfuata shambani kwa nyuma, akijibanza kwenye mikorosho kama mwizi. Akamkuta mumewe peke yake, ameshika kikombe cha bati kilichojaa maji, anatembea taratibu kutoka mkorosho mmoja hadi mwingine. Kila alipofika katikati bega lilitikisika, vidole vikacheza, maji yakamwagika. Akarudi kwenye dumu, akajaza, akaanza upya. Alikuwa anajifunza tena kushika kikombe.

Selestina aliketi kwenye majani makavu akalia. Halafu, kwa kuwa alikuwa Selestina, akafuta macho na kuanza kutazama vizuri. Mkono wa kushoto ulitangulia, wa kulia ukafuata. Nyusi zilipanda bila mwenyewe kushangaa jambo. Akakumbuka pia kwamba Edmund akishikwa na usingizi mzito mwili wote hutulia, na vurugu huanza anapoamka. Alikuwa amewaona walevi wengi, akiwamo kaka yake mwenyewe, na mlevi huamka ametulia. Huyu alikuwa anaamka na kuanza kuyumba.

Mwaka ulipogeuka mambo yakawa mazito. Edmund alikula chakula cha watu wawili, na bado suruali zilimvuka. Ugali ulimkaba, ikabidi asongewe laini na kukatiwa matonge madogo. Chai ilimpalia, uji mzito ukapita. Selestina aliondoa kitanda akatandika godoro chini ili mtu asianguke. Yule mpole akaanza kufoka kwa sababu ya kijiko, na siku nyingine alikaa ukutani kutwa nzima, jua limfikie lisimfikie, yeye hajali. Selestina alimwogesha, akamnyoa kwa hofu, akafua mashuka, na alipopata nafasi ya kukumbuka shamba, mikorosho ilikuwa haijapuliziwa salfa na maua mengi yameshaungua kwa ukungu. Mgongo ulimuuma. Zilikuwapo siku alimchukia, na alijua kwamba anamchukia. Kisha humwona anahangaika na mswaki, chuki ikamwishia. Alitaka kitu kimoja tu: kujua ni nini kinachomla mumewe. Alijiaminisha kwamba akikijua jina atakipatia dawa, na asipokijua, Edmund atazikwa akiitwa mlevi.

Mjini Masasi alimpata daktari kijana, mtu wa Bukoba aitwaye Chrispin, mwenye subira ya kujibu maswali. Daktari alimwambia Edmund aguse pua kwa kidole. Akamwambia atoe ulimi na kuushikilia nje. Ulimi ulitoka ukarudi, ukatoka ukarudi, wala haukukubali kukaa.

"Mama Lois, kuna mwingine katika ukoo wake aliyekuwa hivi?"

"Hakuna. Mama yake ni mzima mpaka leo. Wajomba zake wote wamezeeka wakitembea vizuri."

"Na upande wa baba?"

Katika maswali yote aliyouliza Selestina duniani, hilo hakuwahi kuliuliza. Kwao mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Mjomba ndiye mwenye neno, na baba ni mtu aliyekuja kuoa akakaa ukweni. Mtu akiugua ugonjwa usioeleweka hutazamwa upande wa mama, na ukionekana safi basi shauri limekwisha. Ndugu walikuwa wameutazama upande wa mama yake Edmund, wakaukuta safi, wakabaki na pombe.

Jioni hiyo alimfuata mama mkwe wake, Evelina, akamkuta uani anabangua korosho.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mgonjwa ameshindaje?"

"Amekula. Mama, naomba nikuulize. Baba yake Edmund aliondokaje hapa?"

Evelina alipasua korosho, akapasua nyingine. "Pancras? Tulimrudisha kwao Newala, Edmund akiwa bado wa kubebwa. Alikuwa mlevi. Alianguka mbele ya wajomba zangu, akavunja vyombo. Wakasema, huyu mwoaji hafai, arudi kwa watu wake."

"Ulimwona akinywa?"

"Mlevi mpaka umwone akinywa?"

"Hata mwanao Edmund wanamwita mlevi, mama, na mimi sijamwona akinywa."

Bibi akaacha kubangua. Alikaa na korosho mkononi mpaka Selestina akaaga.

Siku ya pili Selestina alimwachia Evelina mgonjwa, akapanda gari la Newala. Lazima isemwe kweli: alikwenda akiwa na furaha kidogo, kama mwanafunzi aliyepewa ruhusa shuleni. Kwa mara ya kwanza tangu ugonjwa uanze hakuwa na bakuli mkononi. Gari lilipomaliza kupanda mlima wa Newala, upepo wa juu ukamkuta, akajifunga kanga ya pili. Alimuuliza kila aliyesimama, muuza vocha, mama wa maandazi, mzee wa msikiti, kama kuna ukoo uliokuwa na mtu aliyeitwa Pancras aliyeoa Lupaso akarudi mgonjwa. Wengine walimcheka. Mama wa maandazi hakucheka. Akamwelekeza kijiji kimoja njia ya Kitangari, kwa bibi Sijaona.

Sijaona alikuwa dada mdogo wa Pancras, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya kuita watu kutoka mbali. Aliposikia mgeni ni mke wa mtoto wa kaka yake, akatoa maji ya kunywa mtungini, maji ambayo kule juu hayapatikani kirahisi, akatandika mkeka. Hawajamaliza kuulizana habari, mwanamume mmoja akatoka nyuma ya nyumba kuja kusalimia. Bega lake lilitikisika. Nyusi zilipanda bila sababu. Vidole vilicheza mapajani, vya kushoto vikitangulia. Selestina alisahau hata kuitikia shikamoo yake. Alikuwa anamwona Edmund katika mwili wa mtu mwingine.

"Usiogope, hajanywa," Sijaona alisema. "Huyu ni Halfani, mtoto wa marehemu dada yetu mkubwa. Dada alikwenda hivi hivi. Kaka Pancras alikwenda hivi hivi, na mama yetu kabla yao. Ni ugonjwa wa ukoo wetu. Mimi umeniruka, sijui kwa nini."

Jamani, Selestina aliuliza. Ulianza wakiwa na umri gani? Walianza kuanguka au kusahau? Hasira zilikuja lini, na ziliondoka? Walilishwa nini kisichokaba? Sijaona alijibu yote, akamfundisha jinsi ya kumwinamisha mgonjwa kidevu wakati wa kumeza, na Halfani mwenyewe akachangia kwa sauti ya kuburuta kwamba kibaya kuliko vyote ni watu kukucheka sokoni. Selestina alimeza kila neno. Alikuwa amefika mahali ambapo kitu chake kilikuwa kinajulikana, na moyo ulimwia mwepesi kiasi cha kutaka kuimba.

Hatimaye akauliza, "Shangazi, sasa kwa nini hamkutuambia sisi wa Lupaso?"

Sijaona alishangaa kweli. "Tuwaambie ili iweje? Watoto wa dada zetu tunawaambia wakikua, wajue. Mtoto wa kaka ni wa ukoo wa mkewe. Ugonjwa wa ukoo wetu utampataje mtu wa ukoo mwingine?"

"Umempata Edmund."

Bibi akamshika mkono kwa huruma. "Ni kweli, umempata. Ila wewe mshukuru Mungu, mwanangu. Binti yako ni wa kwenu."

"Edmund naye alikuwa wa kwao mama yake," Selestina alisema.

Alikuwa anasema tu, kama anavyosema mtu anayesahihisha jambo dogo. Maneno yalipokwisha kumtoka ndipo akayasikia. Mwanamke aliyesafiri kutafuta jina la ugonjwa wa mumewe alikuwa amelipata, na lilikuwa na nafasi ndani yake ya Lois. Sijaona naye alikuwa amefika mahali hapo hapo kwa njia yake. Aliweka kiganja mdomoni. "Kaka zetu wengine walioupata wana watoto Mtwara," alisema kwa sauti ndogo. "Na Nanyumbu. Wote tumewaacha hivi hivi."

Selestina aliporudi Lupaso alimweleza Evelina kwanza, kwa kuwa haki ilikuwa yake. Mama mkwe alisikiliza mpaka mwisho bila kutikisika.

"Aliniambia hajanywa," alisema. "Kila siku aliniambia. Siku wanamchukua alisema tena, akiwa ameshikwa mikono huku na huku. Nikamwambia nenda ukamdanganye mama yako." Akaomba apelekwe Newala akaone kaburi, na Selestina akamwahidi.

Daktari Chrispin aliposikia habari za Kitangari aliwaandikia rufaa ya Dar es Salaam. Damu ikapimwa, ikapita muda mrefu, jibu likaja: ugonjwa wa Huntington, wa nadra, unaoharibu ubongo polepole. Dawa ya kuuzuia hakuna; vidonge vya kutuliza mikono vipo. Padri mwenyewe akaja nyumbani na kikombe, akapiga magoti kwenye mkeka na kumnywesha Edmund, na mke wa mzee wa kanisa akaleta mayai na macho mekundu. Hakuna aliyesema tena mlevi. Wajomba wa Lois walikuja kutoa pole, wakasema afadhali ni ugonjwa wa watu wa Newala, mtoto amepona. Selestina aliwaambia alivyoambiwa na daktari: mtoto wa mgonjwa, wa kike au wa kiume, wa ukoo wowote, ana nafasi nusu ya kuupata na nusu ya kuukosa, na akitaka kujua, hupimwa damu. Wajomba waliitikia kwa adabu. Aliona kwamba hawakumwamini.

Lois alikuja Jumamosi. Selestina alimngoja aoge, ale, kisha akamweleza yote, akiwa amekaa naye karibu na godoro huku Lois akimlisha baba yake uji, kidevu kimeinamishwa kama Sijaona alivyofundisha. Lois hakukatiza. Kijiko kilikwenda na kurudi.

"Mama," alisema mwishoni, "umeuliza kila kitu?"

"Kila kitu."

"Basi hili moja usiliulize. Sitaki kupimwa. Labda siku moja, lakini nitasema mwenyewe. Na usinitazame mikono."

"Sikutazami."

"Unanitazama tangu nimeingia."

Ilikuwa kweli. Alimtazama akifungua mlango, akamtazama akishika bakuli, akitafuta kama wa kushoto unatangulia. Jibu lilikuwapo; lilikuwa ndani ya mtoto aliyemzaa mwenyewe, na kuliuliza hakukuwa haki yake. Edmund, ambaye siku hizo alinena kwa shida, aliutoa mkono wake uliokuwa ukicheza akauweka juu ya goti la mkewe, ukaendelea kucheza hapo.

Lois akafuta kijiko, akachukua bakuli, akaenda jikoni. Baada ya kitambo kidogo kitu cha bati kilianguka huko, kikazunguka sakafuni mpaka kikatulia.

Selestina hakugeuka. Alichukua kitambaa, akamfuta Edmund kidevu, akamuuliza kama uji ulikuwa na sukari ya kutosha.