Nilivyokagua Bunduki ya Swala

Nilimdanganya bosi wangu Mwarabu wa mtaa wa Al-Naseem kwamba nilipokuwa mlinzi Kenya nilibeba bunduki, kumbe nilibeba rungu. Basi alipotaka bunduki kuukuu ya kuwindia swala kwa masafa mafupi, akanichukua mimi dereva wake nikamkagulie.

Muuzaji alikuwa mzee mwenye tabasamu nyingi mno, nikamshuku papo hapo. Nikachungulia mdomo wa mtutu, nikaona giza tupu. Nikamgeukia bosi:

“Baba, huyu tapeli! Ameziba mtutu afiche kutu. Yalla, twende!”

Mzee aliichukua, akavuta komeo la chuma linaloziba nyuma ya mtutu akalichomoa, akanirudishia bunduki. Nikachungulia tena, mwanga ukanipiga jichoni.

Bosi akaacha kumtazama mzee, akanigeukia mimi.

“Hebu sema kweli. Ulikuwa mlinzi wa aina gani?”