Nilisema Migunga ya Mama Mkwe Haina Mwenyewe

Nimekosa, tena kwa mdomo wangu mwenyewe. Hakuna aliyenishika mkono wala aliyenitisha. Jina langu naomba msiliweke, maana Lodwar ni mji mdogo na wanafunzi wangu wanajua kusoma. Niliwafundisha mimi.

Ndiyo, mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Nimezaliwa Lodwar mjini, nikakulia kwenye nyumba ya mabati, na mbuzi nilikuwa nikiwaona sokoni. Niliolewa na dereva wa lori, mtu wa kando ya mto Turkwel. Yeye alikuwa akipeleka chakula cha msaada Kakuma kwenye kambi ya wakimbizi, wiki nzima yuko barabarani. Nyumbani kwao alibaki mama yake na mbuzi wake.

Wasiokuwa wa huku huenda hawajui jambo hili, kwa hivyo nieleze kidogo. Kwetu urithi si shamba, ni miti. Kando ya mto kila familia ina kipande chake cha migunga, tunakiita ekwar. Hakina ua wala waya. Mpaka ni kona ya mto, au jiwe, au mti fulani ambao kila mtu anaujua. Kiangazi kikikaza na nyasi zikiisha, maganda ya migunga ndiyo chakula cha mbuzi, na wenye miti huyaangusha kwa fimbo ndefu yenye ndoano. Jirani akiyataka anakuja kuomba kwa adabu, na mara nyingi anapewa. Lakini ni lazima aombe. Asipoomba, huo ni ugomvi wa watoto na wajukuu.

Nilipoolewa, mama mkwe alinizungusha kwenye miti yao, akinionyesha mmoja baada ya mwingine. Huu maganda yake ni matamu, huu humwaga mapema, huu usiukate tawi hata ukilala njaa. Mimi nilikuwa nawaza viatu vyangu, maana miba ilikuwa imeshatoboa soli. Nilikuwa mjinga mwenye cheti.

Basi akaja mzungu mmoja na Landrova mbili. Alitaka kuweka kambi ya kitalii ya kifahari, wageni waletwe kwa ndege ndogo kutoka Nairobi, walale siku kadhaa, wapelekwe kuona ziwa, warudi kwao na picha. Akazunguka akitafuta mahali, alipofika kwenye migunga ya mama mkwe akasimama. Kivuli kizito, mchanga mweupe, mto chini yake. Hata mimi ningesimama.

Mama mkwe alimwona akipima kwa kamba. Akaja kwa miguu mpaka Lodwar, akanikuta shuleni.

"Mke wa mwanangu," akasema, "kuna mtu anapima miti yetu. Wewe una lugha yao. Nenda umwambie miti ina wenyewe. Akitaka kivuli aje aombe, tutaongea."

Hayo tu. Hakuniambia nimfukuze wala nimtukane. Alinituma neno moja.

Nikaenda Jumamosi. Yule mzungu alinipa kiti na glasi ya maji ya matunda yenye barafu. Barafu, kwenye jua lile! Pembeni alikuwepo jirani yetu, ambaye miti yake inapakana na ya mama mkwe kwenye kona ya mto. Alikuwa amekuja kutafuta kazi ya askari.

Mzungu alikuwa anajua Kiswahili, kile cha watu waliokulia mashambani huko bara. Akaniambia, "Mwalimu, sema kweli. Hii miti iko na mwenyewe? Kama iko na mwenyewe, mimi nakwenda kutafuta mahali Ferguson's Gulf, huko kwa wavuvi. Sitaki mikutano kila siku."

Kabla sijajibu akaongeza kwamba anatafuta mtu aliyesoma, wa kuwaeleza wageni mila za hapa siku za wikendi. Huyo mtu atalala kwenye hema kama mgeni na kula meza moja nao.

Nikamtazama jirani. Jirani akatazama chini.

"Haina mwenyewe," nikasema. "Ni pori tu."

Ulimi hauna mfupa, wenzangu. Sikusema kwa bahati mbaya. Nilijiona tayari nimekaa kwenye ile meza, nikiitwa madam, mbali na harufu ya mbuzi. Nilisema pia kwa sababu nilikuwa naionea aibu miti ile, na fimbo ile yenye ndoano, na mama mkwe mwenyewe. Hilo la mwisho ndilo linaloniuma kuandika.

Niliporudi aliniuliza, "Umemwambia miti ina wenyewe?"

"Nimemwambia, mama. Lakini amekuja na kibali cha serikali. Hatuwezi kitu."

Kwa watu wa umri wake, serikali ni kama ukame, inakuja tu na unahama. Aliniamini kwa sababu nilikuwa ndiye msomi wa nyumba.

Kambi ikafunguliwa na nikaalikwa kulala siku mbili, wageni wa kwanza walipofika. Sitadanganya, nilifurahia. Shuka nyeupe zilizopigwa pasi. Maji ya moto yanakuja na mhudumu, anayapandisha kwenye ndoo ya turubai, unavuta kamba na unaoga umesimama. Sabuni ndogo yenye harufu ya maua, niliitia mkobani. Chakula cha jioni kiliandaliwa mchangani kwenye mto mkavu, meza ina kitambaa, na mpishi kutoka Nakuru aliinama akaniuliza kama nyama ningependa iive sana au kidogo. Mimi, binti wa Lodwar, nikaulizwa hivyo!

Mume wangu aliniambia baadaye kwamba kule Kakuma watu waliokosa kila kitu wanalala kwenye mahema, na huku waliopata kila kitu wanalipa ili walale kwenye mahema. Alisema akicheka. Wakati huo alikuwa bado hajajua la kwangu.

Asubuhi niliona wafanyakazi wakifagia. Maganda yalikuwa yameanguka usiku, wakayakusanya kwa reki, wakayarundika, wakayachoma moto. Nikamuuliza mmoja kwa nini. Akasema wageni hawataki mbuzi karibu na mahema, na maganda yakibaki mbuzi watakuja. Moshi wake ulikuwa na harufu tamu. Nikaenda kunywa chai.

Tukiwa mezani, mama mkwe akaja.

Alikuwa na mbuzi wake na fimbo yake. Hakuja kugombana. Kwa kuwa nilimwambia miti imechukuliwa na serikali, alikuja kufanya kama desturi inavyotaka: alikuja kuomba. Mwanamke yule alisimama mwanzo wa miti yake mwenyewe, akasubiri aitwe, kama jirani. Jirani yetu, sasa amevaa koti la askari, akamleta mpaka karibu na meza.

"Ejok," mama mkwe akatusalimu. Kisha akasema kwa Kiturkana, bila kunitazama sana, maana alidhani niko kazini na hakutaka kuniharibia, "Mbuzi wana njaa. Naomba maganda, yale yaliyoanguka tu."

Mzungu akanigeukia. "Mwalimu, mama anasema nini? Wewe unajua yeye?"

Wageni wote wakanitazama. Mdomoni nilikuwa na mkate wenye siagi.

"Simjui," nikasema. "Ni ombaomba, anapita tu. Anaomba chakula."

Mzungu alipowatafsiria wageni, mmoja wao, mama wa kizungu mwenye huruma, akainuka na kipande cha mkate kilichopakwa jamu, akakiweka mkononi mwa mama mkwe wangu. Mwingine akampiga picha. Mama mkwe akautazama ule mkate, kisha akanitazama mimi. Hajui Kiswahili kingi, lakini neno "simjui" halihitaji shule. Akampa mbuzi wa karibu ule mkate, akageuka akaenda zake. Jirani alimsindikiza mpaka mwisho wa miti, kisha akarudi mahali pake pa ulinzi.

Mimi nilimaliza chai yangu.

Kiangazi cha mwaka ule kilikuwa kirefu. Wenye miti waliangusha maganda, mbuzi wao wakakonda lakini wakavuka. Wa mama mkwe walikula makaratasi. Aliomba kwa majirani, wakampa mara ya kwanza na ya pili, lakini kila mtu alikuwa na mbuzi wake wa kulisha. Walikufa mmoja mmoja, na wale wa mwisho aliwauza wakiwa mifupa. Mwenye ekwar akaishiwa mbuzi huku akiona moshi wa maganda yake kila asubuhi.

Hakuja kwangu mjini kuomba hata unga. Alipanda lori la watu akaenda Kakuma, kama walivyofanya wengi, kukata kuni na kuwauzia wakimbizi. Mume wangu alimkuta huko barabarani na mzigo kichwani. Mama yake akamwambia yaliyotokea pale mezani.

Mume wangu hakunipiga. Alirudi, akakaa mlangoni, akaniuliza, "Niwaeleze watu nini? Kwamba mama yangu alifukuzwa na mzungu, au kwamba alifukuzwa na wewe?" Tangu siku hiyo huniita "Mwalimu", kama anavyoniita mtu wa ofisini.

Kambi yenyewe haikudumu. Barabara zikawa hazina usalama, wageni wakapungua, mzungu akafunga mahema akaondoka na Landrova zake. Mimi nikashukuru Mungu, nikasema sasa miti imerudi. Kumbe maji yakimwagika hayazoleki.

Jirani alishaingiza mbuzi wake. Mume wangu akaita wazee wa pale mtoni wakae. Jirani akasimama, akasema kwa upole kabisa, "Mimi sikumnyang'anya mtu. Mke wa nyumba hii alisema mbele yangu kwamba miti haina mwenyewe. Na mama alipokuja kuomba, mke huyohuyo alisema hamjui. Na mama mwenyewe aliomba, nani anaomba kilicho chake? Mimi nilikuwepo. Aseme kama nadanganya."

Wazee wakanigeukia. Nilitaka ardhi inimeze. Nikasema hadanganyi.

Wakaamua miti ni ya anayeitumia. Hata desturi yenyewe aliyoifuata mama mkwe kwa heshima, ya kuomba kabla ya kuchukua, ilihesabiwa dhidi yake. Nani alimtia kwenye mtego huo? Mimi, na uongo wangu wa kibali.

Nikaenda Kakuma kumwomba msamaha. Nilimkuta kwa mama mmoja wa Sudani Kusini, wamekaa mbele ya kibanda cha turubai wakipepeta mahindi ya msaada. Yule mama akanikaribisha kwa Kiswahili chake: "Karibu, karibu. Mama hii nalala kwangu. Yeye naleta kuni, mimi natoa mahindi. Hakuna shida." Mkimbizi, aliyefika huku na watoto na sufuria, ndiye aliyempa mwenye nchi mahali pa kulala.

Nikapiga magoti. Nikasema yote, hata ile sabuni. Nikamwambia twende nyumbani, kambi imeondoka.

"Miti iko wapi?" akaniuliza.

Nikamwambia ilivyoamuliwa.

Akamwaga makapi pembeni. Kisha akasema, "Nimekusamehe, mke wa mwanangu. Sitaki kufa na neno lako moyoni. Sasa niambie, nikirudi, mbuzi watakula msamaha?"

Nilirudi Lodwar peke yangu.

Wenzangu, hasa ninyi mliosomeshwa, ambao wazazi wenu wasiojua lugha ya ofisini wanawatuma mkawasemee: ukipewa neno, lifikishe kama ulivyopewa. Usilipunguze kwa sababu ya kiti na glasi ya barafu. Wao hawana namna ya kujua ulichosema huko, wanangoja tu urudi uwaambie. Na ukimwonea aibu mzee wako mbele ya wageni, kumbuka wageni wataondoka.

Mimi nililala siku mbili kwenye shuka nyeupe. Mama mkwe analala juu ya gunia Kakuma mpaka sasa ninapoandika, na kesho asubuhi ataamka kwenda kutafuta kuni.