Wadudu Waliolishwa na Bibi

Nakumbuka asubuhi moja wadudu waliponigomea, mwanangu, nikabaki nawatazama kama mchuuzi aliyekosa wateja.

Nilikuwa kijana, nimechukuliwa kwa majaribio katika maabara ndogo pale Katubuka. Tulikuwa na bomba la kioo lenye njia panda. Njia moja ilileta hewa tupu, nyingine ilileta hewa iliyopitia majani ya maharage yaliyoshambuliwa na vidukari, wale wadudu wadogo wanaofyonza utomvu. Tunamweka mlangoni mdudu mwekundu mwenye madoa meusi, ambaye vidukari ndio chakula chake, tuone harufu itamwita upande gani. Ukiijua harufu inayomwita, mkulima atamwita shambani bila kumwaga sumu.

Bibi aliyenilea pale Ujiji hakuielewa kazi hiyo, wala hakutaka. "Msomi mzima unanusisha wadudu majani!" Alikuwa ameshazungumza na mjomba wangu mwenye duka sokoni: maabara ikinishinda, nafasi yangu dukani ipo. Alifanya kwa mapenzi, Mungu amrehemu. Lakini mimi niliipenda ile kazi mno, na lile duka nililiogopa.

Jioni moja tulitoka kukamata wadudu mashamba ya Bangwe tumechelewa, maabara imeshafungwa, nikalala na chupa ya wadudu nyumbani. Mkuu wangu, Mama Zuhura, mwanamke wa maneno machache, alinionya wasionje kitu hadi tuwajaribu. Asubuhi nikawaingiza kwenye bomba. Wa kwanza akakaa tu. Wa pili akajisafisha miguu, akatulia. Hakuna aliyejisumbua. Nikamwambia Mama Zuhura harufu ile haina nguvu, tutafute mmea mwingine.

"Haraka ya nini?" akanijibu. "Kaulize kwanza walikolala."

Nikarudi Ujiji. Bibi hakuficha, tena alijisifu. "Mgeni alale na njaa nyumbani kwangu? Si ulinieleza mwenyewe wanakula nini? Nimewachumia majani ya kunde kwa jirani, yamejaa vidukari. Wamekula, maskini, utadhani wametoka safari ya Kongo!"

Nilicheka hadi nikakaa chini, ingawa moyoni niliiona kazi inaniponyoka.

Tukawaacha na njaa hadi kesho yake, nikamwomba Bibi tufuatane. Alijitanda khanga yake nzuri, akakaa mbele ya bomba akinung'unika kwamba tunatesa viumbe. Nikamwingiza mdudu. Akafika penye njia panda, akatikisa vipapasio vyake vya kunusia, akakata kona kuelekea kwenye harufu ya majani. Wa pili naye hivyo hivyo. Mama Zuhura akabadilisha pande, kulia ikawa kushoto, nao wakaifuata harufu ilikohamia. Wapo waliopotea njia, ndivyo walivyo viumbe, lakini wengi walikwenda moja kwa moja.

Bibi aliinama akalitazama bomba kwa karibu. "Kumbe nilipowashibisha, niliwaziba pua," akasema. Kisha akanigeukia. "Na wewe nusura nikuzibe. Nitamwambia mjomba wako atafute mtu mwingine."

Machozi yalinitoka mbele ya mkuu wangu, wala sikuona haya. Kazi ile nimeifanya hadi nimestaafu.

Mwanangu, mwenye shibe hamjui mwenye njaa, wazee wamesema kweli. Njaa ya tumbo usimwachie mtu hata siku moja. Kama una kipande cha muhogo, kigawe. Lakini ipo njaa ya kutafuta, na hiyo ukiiona kwa mwanao usikimbilie kuizima kwa huruma. Muulize kwanza anakwenda wapi. Na ikiwa ni yako, ivumilie, maana inajua inakokupeleka kuliko wanaokuonea huruma.

Mola akupe riziki isiyokatika, mwanangu, na akubakishie njaa kidogo ya kukuamsha kila asubuhi.