Matundu Matatu ya Mama Émilienne

Nyuma ya kanisa letu hapa Baraka kuna njia ndefu ya udongo ulioshindiliwa, ambako wanawake wa parokia hucheza mchezo wa kuangusha vigingi. Tufe ni la mbao nzito, lina matundu matatu ya vidole, na kila mchezaji ana lake kwa sababu mikono haifanani. La Mama Émilienne, jirani yetu, lilipasuka kiangazi kilichopita. Tangu hapo aliazima ya wenzake, akakosa vigingi, akataniwa.

Mama Émilienne huuza ndagala, dagaa wa ziwani, sokoni. Tangu afiwe na mumewe, nyuma ya kanisa ndipo mahali pekee ninapomsikia akicheka. Jumapili walikuwa wacheze na wanawake wa Nundu, na kapiteni wa timu ya hapa, Mama Claudette, alikuwa amesema bila kuficha: tufe jipya aliloagiza Mama Émilienne likimshinda, Vanessa, mchezaji wa akiba, atachukua nafasi yake.

Jumamosi asubuhi nilimsindikiza Mama Émilienne kwa Darius, seremala, nikimbebea beseni lake tupu la samaki. Tufe lilikuwa tayari, bado halijatobolewa. Darius alikuwa amelichonga kutoka kisiki kimoja, na kingine hakuwa nacho. Alilitia ndani ya ndoo ya maji. Likayumba, likajigeuza, likatulia.

"Upande inalala chini ndiyo muzito," alisema, akaupiga alama ya mkaa. "Sasa mama, onyesha namna unatupaka tufe."

Mama Émilienne akarusha mkono mbele, kiganja kimenyooka kama ubao, vile Mama Claudette anavyowafundisha wote. Darius akachora alama tatu za vidole, upande mzito ukiwa karibu na kidole gumba.

"Nikishatoboa, hakuna kurudilia. Itapasuka."

"Toboa tu, papa."

Mashine ikaanza kunguruma. Ncha ilikuwa karibu kugusa mbao.

"Ngoja! Papa Darius, ngoja kwanza!"

Akaizima. "Nini tena?"

"Ile haikuwa mukono yangu," alisema Mama Émilienne, macho chini. "Ile ni mukono ya kapiteni."

Darius alicheka mpaka akakaa juu ya mbao zake. "Sasa ya kwako uliiacha wapi? Kwa nyumba?"

Mama Émilienne akanipokonya beseni, akalirusha mbele kama anayemwaga ndagala juu ya nyavu za kuanikia. Mwishoni kabisa kiganja kikajipinda ndani, haraka, kama kinachofunga mlango.

"Iko hivi. Mama Claudette ananigombezaka, lakini inageuka yenyewe. Niliona haya kukuonyesha."

"Mama yangu! Na mukono ya vile, tufe ingekata kona mbele hata ya kufika katikati!"

Alifuta alama kwa kidole chenye mate, akaligeuza tufe, akachora upya, safari hii upande mzito ukielekea kidole cha mwisho. "Hapa itatembea kwanza, ndiyo igeuke." Kisha akatoboa. Mama Émilienne alifumba macho hadi mashine iliponyamaza. Mbao haikupasuka.

Tulipofika nyuma ya kanisa, tulimkuta Mama Claudette akifagia njia ya kuchezea. Alisogea pembeni, ufagio mkononi. Mama Émilienne akatupa, kwa mkono wake mwenyewe. Tufe likafuata ukingo wa njia, likaendelea kufuata ukingo.

"Iyo imeshatoka," Mama Claudette alisema.

Halikutoka. Karibu na vigingi liligeuka, likaingia katikati yao, vikaanguka vyote isipokuwa kimoja.

Mama Émilienne alikaa chini palepale, kitenge kwenye vumbi, akapumua kama aliyetua mzigo. Halafu akacheka.

"Kile kimoja kinakuangalia," alisema Mama Claudette.

"Kiniangalie tu. Kesho niko."

"Vanessa nitamwambia abebe maji," alijibu kapiteni, akarudi kwenye kufagia.

Tulishakaribia sokoni ndipo tulipokumbuka kwamba beseni limebaki kwa Darius.