Masera Anayeomba Moto

Mama alinituma Muyinga nikamrudishe dada yangu nyumbani, na chanzo ni Mama Zubeda. Huyu ni jirani yangu mtaani Yoba, hapa Gitega, muuza vitenge anayezunguka masoko ya kaskazini. Vitenge huuza, umbea hugawa bure. Dada yangu Leonida ni sista, au masera kama tunavyosema huku, na kwa miaka mingi amekuwa akiwahudumia maskini wa Gashoho.

"Mi nimemuona na macho yangu," alinieleza Mama Zubeda. "Masera yenu iko anapita nyumba kwa nyumba kila asubui na kigae, anaomba moto. Vraiment, kweli mulimutupa?"

Habari zilimfika mama kijijini kwake Gishubi kabla sijazimeza mimi. Mama anaishi peke yake. Binti aliyemtoa kwa Mungu anakosa hata kiberiti! Akaniagiza nikamwombee ruhusa kwa wakubwa wake, arudi akae naye. Nikafunga cherehani yangu, nikaondoka.

Gitega, saa mbili asubuhi. Dereva wa teksi alituapia kwamba mafuta yanakuja sasa hivi. Hiyo sasa hivi ilifika saa tano. Tukapita Karuzi tukihesabu baiskeli zilizofunikwa na ndizi hadi waendeshaji hawaonekani, na abiria wa mbele akatuimbia nyimbo za kwaya bila kuombwa.

Muyinga mjini, saa tisa. Nilinunua viberiti dazeni mbili sokoni. Muuzaji akaniuliza kama nafungua duka. Nikapanda pikipiki hadi Gashoho, nimekumbatia zawadi yangu kwa fahari.

Dada alipoufungua mfuko alicheka hadi kitambaa chake cha kichwa kikamponyoka. Akanivutia droo ya jikoni: ilikuwa imejaa viberiti. Nilimweleza maneno ya mama, naye akasema tutazungumza kesho nikishatembea naye.

Asubuhi iliyofuata alichukua kigae tukatoka. Nyumba ya kwanza walimtilia kaa la moto, wakasalimiana, tukaendelea. Ya pili vilevile. Ya tatu ni ya Mama Divine, mjane mwenye watoto watatu.

"Moto umezimika, Masera," alisema. "Mvua iliingia jikoni."

Wiki nzima mvua haikunyesha. Mimi nimekulia kambi ya wakimbizi Tanzania, ambako kila mtu alijua mgao wa mwenzake na tuliulizana waziwazi. Nikauliza kwa sauti, "Lakini watoto wamekula?"

Uso wa Mama Divine ukafungika. Akajibu kwamba wamekula, wameshiba, na mlango nao ukafungwa. Mtoto mmoja alikuwa bado ananitazama kupitia ufa. Nilitamani ardhi inimeze.

Njiani dada hakunigombeza, na hilo liliniuma zaidi. Alinieleza kwamba huku mtu hamuulizi mwenzake habari za chakula. Afadhali umuulize umri. Lakini moto haukatazwi kuombwa, hata tajiri huuomba. Basi yeye huomba moto, na nyumba isiyo na moto ndiyo isiyo na cha kupika. Baadaye huenda na sufuria ya maharage yaliyochemka nusu, anaomba amalizishiwe kwa kuwa kuni za kwao zimeisha. Kisha anasahau kuirudia sufuria hadi kesho.

"Leo nikienda mimi hatapokea," alisema. "Umemfungulia mfuko mbele ya watu. Nenda wewe."

Nilienda na sufuria kichwani, na kigae cha makaa mkononi. Nilimwambia Mama Divine kwamba mimi ni mgeni, kuni za masista zimeniishia, na dada akinikuta sijapika atanirudisha Gitega kwa miguu. Aliitazama sufuria. Nikaongeza kwamba kule Tanzania hawakutufundisha adabu. Hapo mdomo wake ukacheza kidogo.

"Ayatie chumvi nani?" aliuliza.

"Wewe," nilimjibu, "mimi sijui kipimo cha huku."

Akaipokea sufuria. Nilirudi nikikimbia kama mtoto aliyefaulu mtihani.

Mchana nikamkumbusha dada habari ya kurudi. Alijibu kwamba harudi, ana nyumba kumi na nne za kuzipitia. Kisha akaniuliza kwa mama huwa nakaa wapi nikienda kumtembelea. Sebuleni, nilimjibu, nampa sabuni na sukari, tunaongea, naondoka.

"Na jikoni?"

Jikoni siingii, nilimwambia.

"Ukifika, muombe moto."

Nilirudi kesho yake, nikaunganisha moja kwa moja hadi Gishubi. Mama alinipokea uani, macho yakimtafuta masera nyuma yangu. Nilimwambia dada ni mzima, hakosi kiberiti, ila haji. Kisha nikamwomba moto. Akasema umezimika muda si mrefu.

Niliingia jikoni. Katikati ya mafiga kuku wake alikuwa ameatamia mayai, juu ya majivu.

Mama alisimama mlangoni, akiangalia pembeni. Gunia la maharage lilikuwa pale pale, limejaa. "Kupikia mtu mmoja, mwanangu, kunachosha," alisema. Nililia. Si aibu ya kigae cha masera iliyomsumbua mama. Alikuwa anatafuta mtu wa kula naye, na hakujua namna ya kuomba.

Siku hizi kila Jumamosi nafika Gishubi na sufuria ya maharage mabichi nusu. Namwambia kwamba kule Yoba makaa yameadimika, anisaidie kuyamalizia. Mama ananitazama, anajua kila kitu, anainama kuupuliza moto.