Ubao Ulionyamaza

Mpira wa meza ni mchezo wa kiganja. Ukiupiga, ubao wa raketi unakupa taarifa papo hapo: umeupiga katikati, umeupiga pembeni. Mwaka ule ubao wangu uliacha kunipa taarifa. Nikaulaumu. Ulikuwa wa mti mtupu, umekula ukungu wa Newala kwa miaka, nikaona umekwisha. Na timu ya walimu wa wilaya ilikuwa inachaguliwa. Nafasi yangu sikuwa tayari kumwachia mtu.

Nikateremka Masasi kwa mwalimu mmoja mstaafu, aliyekuwa akiagiza raketi Dar es Salaam na kuziuza barazani kwake, penye meza yake mwenyewe. Baada ya shikamoo na marahaba aliniwekea mbili, zote zimetiwa utando wa kaboni ndani ya mti. Ya bei nafuu, alinionya, ina kasi lakini haina hisia. Ya bei mbaya ina vyote viwili.

Nilianza na ya bei nafuu. Mpira ulikimbia, kiganjani kimya. Nikamtania kwamba hiyo ni ya kukatia mchicha. Nikachukua ya bei mbaya. Mpira ukakimbia vizuri zaidi. Kiganjani kimya vilevile.

Nikasema raba iliyobandikwa juu ya ubao ni mbovu, akabandika nyingine. Nikasema basi raketi yenyewe ni feki, na nilisema kwa ukali, maana woga ulikuwa umeshanipanda. Hakukasirika. Aliviangalia vidole vyangu, vyeusi kwenye ncha na vyenye makovu. Nikamwambia ni mafuta ya korosho, kwetu kila anayebangua yuko hivyo.

"Fumba macho," alisema. "Nitakugusa vidole, utaniambia kipi."

Nikafumba, nikanyoosha mkono juu ya meza. Nilisikia pikipiki ikipita, nikamsikia yeye akipumua. Nikachoka kungoja.

"Anza basi, mzee."

"Nilishaanza, mwalimu."

Alizirudisha raketi zote mbili kwenye begi lake. Akasema haniuzii hata moja, niende hospitali saa hiyohiyo, wala si mbali. Nikamjibu nitakwenda kesho, nikapanda gari la Newala. Njia nzima nilijiambia ni mafuta tu, ngozi imekomaa, mbona mama amebangua korosho tangu utotoni na hana neno.

Nilimkuta mama uani, karai la korosho likifuka moshi. Alikuwa amejipaka majivu mikononi. Kila aliposhika ya moto aliguna, akapuliza vidole, akaendelea. Miaka yote aliguna hivyo. Mimi siku hizi nilikuwa nabangua bila kuguna, naye akinisifu.

Nikachutama kando yake, nikatoa korosho moja karaini, nikaibana kwa mkono wangu wa raketi. Nikaomba iniunguze.

Mama alinipiga mkono, korosho ikaanguka.

"Utaungua, mwanangu."

Ngozi ya kidole ilikuwa imeshababuka. Mimi nilikuwa bado nangoja.