Harusi ya Nyamata

Jumatano, mwezi wa sita. Ukungu umelala Tukuyu tangu alfajiri na manyunyu hayajakata. Nguo nilizofua juzi bado mbichi kwenye kamba.

Naandika mchana, mlango wazi, kwa sababu usiku sitathubutu. Usiku wa kuamkia leo Bupe alinijia, na Bupe ni marehemu. Nitajitahidi kuandika kama ilivyokuwa, nisiongeze. Najijua, kitu nikianza kukisimulia huwa kinanenepa mikononi mwangu.

Kwanza nieleze, ili hata nikija kusoma nikiwa nimezeeka nielewe. Mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule. Jioni nikifunga kibanda naingia kwenye gemu letu la kwenye simu. Si gemu la kupigana risasi. Ni watu kutoka mikoa mbalimbali tunaandika pamoja hadithi moja isiyoisha. Kila mmoja ana mhusika wake, na unaandika anachofanya na anachosema kana kwamba ni wewe. Jina lako halionekani, linaonekana la mhusika tu. Nchi yetu inaitwa Ukunguni. Kuna majoka, kuna ngome inayoelea, na kuna watu wazima na akili zao wanaonuniana wiki nzima kwa kubishana kama joka linaweza kuzama ziwani. Mimi kule ni Mzee Komeo, mlinzi wa lango mwenye mikono minne. Mama akinikuta nacheka na simu huniuliza, "Haya, mashetani yako yameshakusalimia leo?" Mchungaji naye alishasema mambo kama haya yanafungua milango isiyofaa. Zamani nilimwona mshamba. Leo sisemi amekosea, wala sisemi amepatia.

Bupe alikuwa anaishi Songea. Hatukuwahi kuonana. Hata picha yake sikuwahi kuiona, maana pale pa kuweka picha alipaacha vilevile, kile kichwa cha kijivu kisicho na macho ambacho simu humpa kila mtu. Nilimjua kwa sauti. Alikuwa ananitumia voisi, anacheka kabla hajamaliza anachotaka kusema. Mhusika wake ni Nyamata, mwizi wa vivuli. Anakuvizia jua likichomoza, anakichuna kivuli chako taratibu, anakivaa, anaondoka nacho akikutania. Tulimpenda wote. Bupe mwenyewe alikuwa na selimundu. Alituambia bila kutafuta huruma. Mwaka jana, wakati wa mahindi mabichi, kaka yake alitumia simu yake kutuandikia kwamba dada amefariki, na kwamba anatushukuru kwa kumchekesha.

Sasa, kwetu kuna desturi ya kushikia. Mtu akiumwa au akiishiwa bando, anampa mwenzake neno la siri amshikie mhusika wake, asije akapotea kwenye hadithi. Mwanzo wa kila unachoandika unaweka neno "nashikia", kisha unamtembeza kidogo tu. Amekula. Amelala. Amekaa juu ya jiwe. Huruhusiwi kumpiganisha wala kumtia kwenye mapenzi. Mimi ndiye nilikuwa nikimshikia Nyamata kila Bupe alipolazwa, kwa hiyo alipofariki kundi likaniomba niendelee. Hakuna aliyetaka kumzika mara ya pili. Baadaye dada mmoja akasema lile neno "nashikia" linamliza kila akiliona, akaomba tuliondoe. Wote tukakubali. Nikaliondoa. Na polepole Nyamata akaanza kutania tena. Sikupanga. Nilikuwa naisikia sauti ya Bupe kichwani, vidole vinaandika.

Elisha aliingia baada ya hapo. Mhusika wake ni Mwana-Radi. Alikuta Nyamata anachekesha watu, naye akajibu, wakazoeana. Kiongozi wa gemu, ambaye tunamwita Msimulizi, aliona watu wamechangamka, akatangaza harusi Jumamosi hii, Nyamata na Mwana-Radi, ndani ya ngome. Nilimwandikia pembeni kwamba sipendi. Akanijibu, "Ni hadithi tu, Atu. Watu wana majonzi, wape harusi." Sisemi ana roho mbaya. Alitaka kutufurahisha, na kweli wengi walifurahi.

Jana jioni Elisha akamwandikia Nyamata, faragha: "Nje ya huku unaitwa nani? Mimi ni Elisha, fundi pikipiki, Kahama. Sitanii. Nipe namba nikupigie. Nataka kusikia sauti yako."

Nilizima simu. Nikapanda kitandani na soksi zangu, bila kusali, na hilo nalo naliandika.

Nikajikuta niko kibandani, nashona. Mvua ilikuwa inanyesha lakini haikuwa na sauti. Mtu akabisha hodi, na kabla sijainua kichwa nilishamjua.

"Fundi, nguo yangu tayari?"

Nilisema karibu, kwa mazoea tu. Alisimama mlangoni, nyuma yake kuna mwanga mkali, na ule mwanga ukaja moja kwa moja mpaka sakafuni, haukukatwa na kitu. Hakuwa na kivuli. Nikatazama ninachokishona. Nilidhani ni sketi ya shule. Ni kitu chembamba, cheusi, kina baridi ya maji ya kisima, na sindano inapita ndani yake bila kuacha tundu. Nakifuata kwa macho, kinateremka kwenye meza, kinaburuta sakafuni, kinaishia miguuni pangu. Nina vivuli viwili. Kimoja kinene, changu. Kingine chembamba kama cha mtoto, kimeshonewa kwenye visigino vyangu, na mshono ule naufahamu, ni ule wangu wa kurudia mara mbili ili nguo isifumuke.

Nataka kumwambia si mimi. Lakini ni uzi wangu.

Hapo tuko ngomeni. Sijui tulipandaje. Wageni wamekaa mistari kwa mistari, na ni watu wa kundi letu, ila ni picha, bapa kama karatasi, wote wanatazama mbele. Ukipita pembeni yao hawapo. Msimulizi amesimama juu anasema maneno ya harusi, mpole kama alivyo siku zote, na mdomo wake haufunguki. Bwana harusi amenipa mgongo. Mikono yake ina grisi mpaka kwenye viwiko. Bibi harusi ni Bupe, au ni mimi. Hapa siwezi kusema kwa uhakika, maana nilimwona amesimama kando yangu ndani ya shela, na papo hapo nilikuwa naiona ile shela kutoka ndani.

Chini ya kidevu chake, pale kooni, kuna neno linawaka na kuzima. Anaandika. Anaandika. Kama vile simu inavyokuonyesha kwamba mwenzako yuko upande wa pili anaandika. Ninasubiri. Wageni wanasubiri. Hakuna kinachokuja. Linawaka tu na kuzima, na mimi ninajua, sijui nimejuaje, kwamba limekuwa likiwaka hivyo tangu mahindi mabichi ya mwaka jana, na kila alipotaka kusema kitu mimi nilikuwa nimeshakisema.

Bwana harusi akasema bila kugeuka, "Nataka kusikia sauti yako."

Nikafungua kinywa changu. Ikatoka sauti ya Bupe, inacheka kabla ya maneno. Bupe akashika mdomo wake kwa mikono miwili. Nikacheka tena, sikutaka, kicheko kinajitoa chenyewe kama kwikwi, na kila kikitoka naona mikono yake inabonyea ndani, kana kwamba nyuma yake hakuna tena kitu cha kuishikilia. Nikaivuta shela. Nilidhani nikimwona uso nitanyamaza.

Ni kile kichwa cha kijivu. Hakina macho. Hakina pua. Pale pa mdomo pamelainika.

Nilipiga kelele lakini kilichotoka ni kicheko.

Halafu kukawa kimya, na ni wodini. Najua ni Songea ingawa sijawahi kufika Songea. Kunanuka dawa ya kusafishia sakafu. Kuna kitanda kimoja na shuka imevutwa mpaka juu, na chini ya shuka mwili mdogo, mdogo kuliko nilivyomdhania siku zote, maana Nyamata nilimwazia mrefu. Sikutaka kusogea. Miguu ilisogea yenyewe, kile kivuli chembamba ndicho kinaivuta, kinarudi kwa mwenyewe.

Sauti ikatoka chini ya shuka. Ilikuwa yake, ila haikuwa na kicheko ndani. Sikuwahi kuisikia hivyo.

"Atu. Mimi nilikuwa naogopa. Kila siku."

Nikasema, "Ulikuwa hutuambii."

"Nyamata ndiye alikuwa haogopi."

Shuka ikapanda na kushuka. Nikamuuliza nifanye nini. Mkasi ulikuwa mkononi mwangu, ule mkubwa wa kukatia vitambaa, mzito kama jiwe la kusagia. Nikainama kwenye visigino vyangu nikakata. Haikuuma. Niliogopa zaidi kwa kuwa haikuuma. Kivuli kikateleza chini ya kitanda kama maji yanavyofuata mteremko, na shuka ikalala bapa, hakuna mtu tena, na sauti ikatoka mahali ambapo hapakuwa na chochote.

"Mwambie yule kijana. Sipo."

Nikaamka kwa sababu mama alikuwa ananitikisa bega. Ameshika tochi ya simu, kitenge kimefungwa kifuani, na uso wake sijauona hivyo tangu baba alipougua.

"We Atu! Unacheka nini usingizini?"

Nikamwambia sijacheka.

"Umecheka. Nimekusikia kutoka chumbani kwangu. Na si kicheko chako." Akakaa ukingoni mwa kitanda, hakuzima tochi. "Sogea huko. Leo nalala hapa."

Sikulala tena. Nilikuwa natazama ukutani, vivuli vyetu wawili, vinatingishika kwa tochi, nahesabu kama ni viwili tu.

Asubuhi nikajibishana na nafsi yangu. Inawezekana ni ile baridi, na soksi, na ujumbe wa Elisha nilioulalia. Mtu anaweza kuota anachokiogopa. Mimi niliishia kidato cha pili, sina elimu ya kupima ndoto. Inawezekana Bupe hakuja kabisa na ni mimi niliyejituma mwenyewe kwa sauti yake, na kama ni hivyo basi bado nilikuwa namsemea hata ndotoni, na hilo linanitisha kuliko lile la kwanza. Lakini nilijiuliza hivi: ndoto iwe ya kweli au ya uongo, yule kijana amedanganyika au hajadanganyika? Amedanganyika. Basi ujumbe ni uleule.

Nikaandika kwenye ukurasa wa Nyamata, maana ndiko alikouliza. "Elisha, mwenye mhusika huyu aliitwa Bupe. Alifariki kabla hujajiunga. Mimi ninamshikia tu."

Akajibu hapo hapo: "Hahaha! Nyamata bwana! Sasa hata kifo umekiiba?"

Nikaweka simu mezani kama vile imeniunguza. Akaandika tena, "Mke mtarajiwa, usinitishe." Nikaona kwamba kwa kuandika hatanisikia kamwe. Kila nitakachoandika atakisoma kwa sauti ya yule mwingine. Nikamwomba namba, akanipa na vicheko vingi. Nikapiga.

"Nyamata!"

"Hapana, kaka. Naitwa Atupele. Nina mafua, unisamehe sauti."

Upande wa pili kulikuwa na pikipiki inawashwa, inazimika, inawashwa. Nikamweleza yote tangu mwanzo, la kushikia, la neno kuondolewa, sikumtupia mtu lawama na sikujitoa mimi. Pikipiki ikanyamaza. Nikamsikia anamwambia mtu, "Subiri kwanza, bosi."

"Kwa hiyo mimi nimekuwa natongoza marehemu?"

"Hapana."

"Basi nani alikuwa ananichekesha?"

Nilitaka kusema Bupe. Ingekuwa rahisi, na ingekuwa na heshima. Nikasema, "Mimi. Ila alinifundisha yeye."

Nilingoja anitukane, na nilikuwa nimeshakubali moyoni kwamba ana haki. Akauliza, "Alikuwa na miaka mingapi?" Nikamwambia. Akavuta pumzi.

"Mlikuwa marafiki sana?"

"Sana."

"Pole, dada. Pole kwa msiba."

Zaidi ya mwaka mzima hakuna aliyenipa pole ya Bupe. Sikukaa matanga, sikuvaa nyeusi, siku ile nilipopata habari nilikuwa na sare za watu za kumaliza, nikazimaliza. Nani atakupa pole kwa mtu wa kwenye simu? Na sikuwa nimemwambia mtu, kwa hiyo silaumu. Nililia pale kibandani, mteja akaja, akaona, akasema atarudi. Elisha hakukata simu. Hakusema kitu, nilisikia tu yuko.

Msimulizi nimemwandikia kwamba harusi haipo na neno la siri la Nyamata nimelifuta. Kwanza alinuna, akasema nimewaharibia. Baadaye akaandika kwamba nina haki, na kwamba Jumamosi watu wakae kimya tu, kila mtu kwake, kwa ajili ya Bupe. Ni mtu mwema, nilishasema.

Nimerudi kuongeza haya machache; giza linaingia na bado naogopa. Sijui kama Bupe amesikia. Nimemwomba mama alale tena chumbani kwangu, hakuuliza kwa nini, ameshahamishia mto wake.

Jioni tumekula ndizi za kupika na maharage ya karanga, na maziwa mgando. Kuni zilikuwa zimelowa, chakula kikachelewa.